Python mbili kwenye kompyuta moja

SWALI: Mwalimu, heshima yako. Natumia mfumo endeshi wa Ubuntu. Mradi wangu wa zamani unadai lugha ya Python toleo la 3.8, huu mpya unataka 3.12. Nikiuendesha ule wa zamani kwa 3.12, unakatika ukilalamika kwamba moduli ya distutils, ile ya kufungasha na kusakinisha programu za Python, haipo. Naona mafahali wawili hawakai zizi moja. Je, niifute Python iliyokuja na kompyuta, nibaki na moja?

JIBU: Usiifute, nakusihi! Hiyo ni ya Ubuntu yenyewe. Zana zake kadhaa zimeandikwa kwa Python na zinalitegemea toleo lile lile. Mimi niliwahi kulielekeza jina python3 kwenye toleo jipya, basi terminali ikagoma kufunguka. Ilibidi niingie kwa Ctrl+Alt+F3, kwenye skrini nyeusi tupu, na kila nilipokosea herufi ya amri naambiwa apt_pkg, moduli ya Python ya Ubuntu, haipo. Usiku ule sikulala.

Mradi wako hauumwi kitu kingine. Distutils iliondolewa kwenye 3.12, Oktoba 2023.

Mpe kila fahali zizi lake. Sakinisha pyenv, zana ya kusimamia matoleo ya Python, ambayo huyaweka yote ndani ya folda yako ya nyumbani, kwenye .pyenv. Kabla ya hapo weka libssl-dev, kifurushi cha mawasiliano salama ya mtandao, na vifurushi vingine vya kujengea, kwa sababu pyenv huijenga Python kutoka msimbo asilia. Bila hicho cha kwanza ujenzi wenyewe utakatika njiani. Kisha andika pyenv install 3.8, ingia kwenye folda ya mradi, andika pyenv local 3.8. Litazaliwa faili dogo, .python-version, lenye namba ya toleo tu. Fanya vivyo hivyo kwa 3.12.

Hakuna uchawi hapo. Ukiandika python, kompyuta hupekua folda zilizotajwa kwenye PATH, yaani orodha ya mahali pa kutafutia programu, moja baada ya nyingine, na ya kwanza kuonekana ndiyo inayoendeshwa. Pyenv hujipanga mbele ya foleni, inasoma lile faili, inakuitia toleo husika. Andika which -a python3 uone foleni yenyewe. Mimi huanzia hapo kila mtu anaponiletea tatizo la aina hii.

Halafu ndani ya kila mradi tengeneza mazingira yake kwa python -m venv .venv, maktaba zisichanganyikane.

Ila 3.8 haipati tena marekebisho ya usalama tangu Oktoba 2024. Anza kuuhamisha mradi huo ungali unafanya kazi.