Mnaoanza kazi ya meno ya watoto, chungeni masikio

Wadogo zangu, glavu mnavaa, barakoa mnavaa, miwani mnavaa, masikio mnayaacha wazi. Wiki hii tena nimemkuta intani wetu hapa Malindi kachomeka spika za masikioni, muziki juu, eti asisikie turbini, ile mashine ya kuchimbia meno. Tumezungumza naye vizuri. Lakini si yeye peke yake, kila kundi jipya linakuja na yale yale, kwa hiyo nasema na nyote.

1. Muziki si kinga. Ukiupandisha mpaka uizidi mashine, umejitwika kelele ya pili. Acheni.

2. Jueni hesabu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka mpaka wa desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ina mkazo zaidi: 85 kwa saa 8, na kila zikizidi desibeli 3, muda unapungua nusu. Kwenye 88 una saa 4, kwenye 91 saa 2, na ukifika 100 una dakika 15 tu. Turbini nzima, iliyotiwa mafuta, mara nyingi haifiki 85, ndiyo maana wenzetu wa meno ya watu wazima hawana wasiwasi. Sisi tuna mtoto kitini. Sikio lako liko shibiri moja na nusu kutoka mdomoni mwake, na kilio chake kinaweza kupita 100. Ongeza sakshen inayofyonza mate, ongeza kompresa ya hewa iliyo nyuma ya ukuta mwembamba, na jenereta umeme ukikatika. Kwa hiyo msiniambie mashine yenu ni mpya.

3. Uziwi wa kazi hauji kwa kishindo. Daktari aliyenifundisha alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona, na watoto walimpenda. Akaanza kulalamika kwamba wauguzi wananong'ona. Akawa anamwomba kila mama arudie jina la mwanawe. Sote tulisema ni barakoa. Kumbe kelele huanza kula sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000 (hezi hupima wembamba wa sauti), kwenye s, f na sh. Irabu zinabaki, kwa hiyo mtu anasikia kwamba umesema, ila hapati ulichosema.

Siku moja alimchoma ganzi binti mdogo mwenye gego la chini lililooza. Akangoja, akaligusa, akamwuliza, "Wasikia?" Mtoto, mdomo umejaa pamba, akajibu, "Nasikia." Yeye alipata "Sisikii." Mimi nilikuwa kiti cha pili, jibu nililisikia, lakini kabla sijaita turbini ilikuwa imeshagusa jino. Binti aliruka, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, akamtazama usoni. Hakulia mara moja, na hilo lilimuumiza mwalimu wangu kuliko kilio. Aliiweka mashine, akanigeukia: "Alisema nini?" Nikamwambia. Akamwomba mtoto radhi, akamwomba na mama yake, kisha akaenda kupimwa Mombasa. Mchoro wa kipimo ulionyesha bonde kwenye hezi 4,000, yaani hapo usikivu umeshuka, masikio yote mawili. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Tangu hapo mwalimu wangu hatibu tena watoto wadogo.

4. Si kila tundu ni la kuchimba. Kuna dawa ya fedha na floraidi ya kupaka, kuna vifaa vya mkono, kuna mbinu ya Hall ya kuvika taji la chuma bila kuchimba. Mtoto anatulia, na nyinyi mnapumzika. Ila mwambieni mama mapema kwamba ile dawa huacha weusi kwenye jino, asije akashtuka nyumbani.

5. Turbini ikianza kupiga mluzi, beringi zimechoka. Ipelekeni ikatengenezwe. Na itieni mafuta kabla ya kuiingiza kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kila mara, hata foleni ikifika barabarani.

6. Vizibo vya masikio vya sponji hukata zaidi sauti nyembamba, na sauti ya mtoto ndiyo mnayoihitaji. Tafuteni vile vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote karibu sawasawa. Kisha patana na mtoto kabla hujaanza: akiinua mkono, unasimama. Simama kweli. Ukimdanganya mara moja, hatakuamini tena.

7. Pimeni masikio kabla ya kuzama kwenye kazi, kisha kila mwaka, na nakala kaa nayo mwenyewe. Nenda asubuhi, ukiwa umekaa mbali na kelele tangu jana yake, la sivyo kipimo kitapotosha. Na ukitoka kliniki masikio yanavuma, usilale ukingoja yatulie. Mwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo. Akikupuuza, njoo kwangu, tutakwenda kwake pamoja.