Swali la Lugha: Mzimu ulimrithi, au alimrithi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika hadithi ya kutisha kuhusu familia moja ya Pangani. Bibi ana chetezo cha udongo ambacho kila binti wa kwanza wa ukoo hukabidhiwa akishavunja ungo. Mama wa Mwanaidi ameapa mwanawe hatakipokea, akakitupa mtoni, na majirani wakiuliza anawajibu kwamba mtoto ana wazimu. Sura ya mwisho nimeianza hivi: “Usiku ule mzimu wa bibi yake ulimrithi Mwanaidi.” Mhariri ameikata, akaandika: “Usiku ule Mwanaidi alirithi mzimu wa bibi yake.” Anasema anayerithi ni mtu, mzimu haurithi mtu. Mwenzake anasema nikiiacha yangu, basi iwe “alimrithi”. Nifuate lipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sentensi yako ni nzima, irudishe mahali pake. Ya mhariri nayo ni sahihi kisarufi, ila inasimulia hadithi nyingine, ambayo ndani yake Mwanaidi amepata kitu. Katika yako, yeye ndiye aliyepatikana.

Siri yote imo ndani ya kitenzi rithi. Tumekipata kwa Waarabu pamoja na mirathi na urithi, na kina tabia ambayo wengi huipita bila kuiona. Yambwa yake, yaani kinachotendwa, ikiwa mali, hakuna utata: “Amerithi shamba.” Ikiwa mtu, maana huwa mbili. “Amemrithi mama yake” kwa kawaida ni kusema mama amefariki na mtoto amechukua alichokiacha, au amekaa mahali pake. Sasa chukua “Amemrithi mjane wa kaka yake.” Hapo mjane hakuacha kitu, mjane mwenyewe ndiye aliyeachwa, kama shamba lilivyoachwa. Kiambishi ni kilekile -m-, lakini katika sentensi ya kwanza kinasimama badala ya mwenye mali, katika ya pili kinasimama badala ya mali.

“Ulimrithi Mwanaidi” inabeba zote mbili. Mzimu umemchukua msichana kama kitu cha nyumba kinachopita kutoka mkono hadi mkono. Au Mwanaidi amekwisha kufa bila sisi kuambiwa, na mzimu unachukua alichokiacha: mwili, sauti, kanga zake. Ukiigeuza kama alivyofanya mhariri, maana hizi mbili zote zinapotea, na hofu inapotea nazo.

Kwa kuwa tumefika hapo, angalia pia nani yuko hai katika hadithi yako. Macho na pua mtu huvirithi hata mama yake akiwa hai, hilo halina shida. Ila mali na kazi hurithiwa kwa aliyekufa. Kwa hiyo bibi akiwa bado anapumua, usiandike kwamba mama “alirithi” chetezo. Andika alikabidhiwa, au aliachiwa. Mganga akizeeka humkabidhi mkoba wake yule anayemwona anafaa, mara nyingi wa damu yake. (Magazeti ya michezo leo huandika kwamba kocha mpya “amerithi mikoba” ya mtangulizi wake, ambaye pengine yuko kwake anakunywa chai. Huo ni msemo uliokwisha kuzoeleka, siugombi, lakini usiuingize kwenye nyumba ya bibi huyu.) Na ukitaka kuonyesha kwamba bibi alikusudia, unacho kitenzi rithisha: “Bibi alimrithisha mjukuu wake asichokitaka.”

Sasa ngeli. Kamusi zinaliweka mzimu katika M-MI: mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Sababu mojawapo ni kwamba neno hili ni jina la roho na pia ni jina la mahali: mbuyu, pango au gofu ambako watu hupeleka ubani na kufunga vitambaa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipoiita riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, alitaja mahali, na ndipo maiti inapokutwa. Mahali hapawi a-.

Lakini Kiswahili hakilazimiki kufuata umbo la nomino pale kiumbe kinapokuwa na uhai. Mtume wingi wake ni mitume, sura ya M-MI kabisa, na hakuna asemaye “mitume ilisema”. Tunasema mitume walisema. Kwa njia hiyohiyo “mzimu alimrithi” haliwezi kuitwa kosa. Ni uamuzi, na mwandishi ndiye anayeamua kama kilichoingia chumbani ni kitu au ni mtu.

Nilijifunza hili dirishani. Nilikuwa na miaka kama 10, nikachungulia ngoma ya kupunga pepo kwenye nyumba ya jirani. Aliyepandisha alikuwa mama mmoja aliyekuwa akituuzia vitumbua asubuhi. Mwanzoni wanawake walisema, “Jini limempanda, lifukizeni ubani.” Moshi ukajaa, ngoma ikazidi, na fundi akainama akauliza, “Wewe nani?” Sauti nzito ikajibu, ikadai kilemba chekundu na kahawa isiyo na sukari. Kuanzia hapo sikusikia tena li-. “Anataka kahawa.” “Mpeni.” “Kakasirika, kacheleweshewa.” Walibadilisha ngeli wote kwa pamoja bila mtu kuamrisha, kwa sababu kilichokuwa kitu kilikuwa kimejibu salamu. Na muuza vitumbua hakutajwa kwa jina usiku kucha. Aliitwa kiti, ndivyo watu wa ngoma wanavyomwita aliyepandwa: mahali pa kukaliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Katika sentensi ya kwanza ya sura, acha “ulimrithi”. Mzimu bado haujasema neno, haujaonyesha uso, na u- inauweka mbali na sisi, kama giza au maji ya mto. Wazee walijua hivyo waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi, neno la shina moja na mzimu, linajua, linakula, linabakiza, na bado ni li-. Lingekuwa “anayekujua” lingekuwa jirani tu. Kisha mzimu utakapofungua kinywa cha Mwanaidi na kumwita mama yake kwa jina la utotoni, badilisha. Andika “akamwita”. Usieleze, usiweke alama. Masikio ya msomaji wa Kiswahili yatashtuka yenyewe.

Sijui kama umelifikiria neno kiti, lakini nakusihi ulitumie. Mama ametupa chetezo mtoni akidhani amemaliza kazi. Chetezo ni chombo cha moshi. Kiti kimelala chumba cha pili, kimejifunika kanga.

Limebaki jibu la mama kwa majirani, “mtoto ana wazimu”, ambalo mhariri hakuligusa na nafurahi. Leo wazimu ni ugonjwa wa akili, na tunalipatanisha kwa u-: wazimu umempanda. Sikiliza kitenzi hicho: umempanda, kilekile cha jini. Tazama na kiambishi wa-. Washona wa Zimbabwe, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama yetu, huwaita wahenga wao waliokufa midzimu, na huwaita vadzimu pia, kwa kiambishi cha watu. Wa- ya wazimu wetu ni ndugu wa va- hiyo, na shina ni lilelile. Mama anaposimama mlangoni, mkono mmoja umeshika komeo, akasema mwanawe ana wazimu, jirani anasikia ugonjwa, anampa pole na kuondoka. Mama anajua alichokisema. Mwache aseme hivyo mara moja tu, mapema, kabla hatujamwona bibi.