Kabla ya kuhesabu mihula, niambieni nani anajua ilipo valvu ya maji

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, viongozi wa vikundi vya mitaani, kuanzia chama cha kina mama hadi kamati ya korti (si mahakama, ni kundi la nyumba zenye geti moja), wawekewe ukomo wa mihula kama tulivyomwekea rais? Nililisoma nikiwa kwenye matatu nikitoka tauni, yaani mjini, na kabla hatujafika Mutindwa nilikuwa nishatunga jibu: hapana. Hapana kabisa.

Sababu zangu zilikuwa tayari. Mihula 2 tulimwekea rais mwaka 1992, tukairudia kwenye katiba ya 2010, na gavana naye akakatiwa yake. Mbunge na MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hawakuguswa. Hao wanaweza kukaa mpaka mvi ziwaishe kichwani, mradi watu wawapigie kura, na wanalipwa mshahara na marupurupu juu. Sasa mwenyekiti wa korti, ambaye malipo yake ni kugongewa mlango saa nane za usiku aambiwe majitaka yamefurika kwa mtu, huyo ndiye mnataka kumhesabia miaka? Kwetu Umoja, hapa Nairobi, kazi hiyo haigombewi, inakimbiwa. Ikifika ajenda ya uchaguzi watu wanainama kuangalia viatu vyao.

Na Umoja mnaijua. Zile nyumba za kwanza zilijengwa miaka ya 1970, za chini, familia moja moja, na mabomba ya majitaka yakapimiwa watu wa idadi hiyo. Leo penye nyumba moja pamesimama ghorofa, wapangaji wanaanikiana nguo usoni, na kwenye korti yetu bomba ni lile lile. Mtu anayekubali kusimamia hali kama hiyo bila senti, mwacheni akae.

Sisi tulikuwa na mtu wa aina hiyo. Tulimwita Mwenyekiti, hata dukani, hata kanisani. Alishika kiti tangu enzi za Moi. Yeye ndiye aliyechangisha tukaweka geti, yeye ndiye aliyemwajiri askari wa kwanza na wa mwisho, yeye ndiye aliyekuwa akipanda matatu kwenda kuwafuata watu wa maji mpaka wachoke kumwona. Michango ya kila mwezi aliiandika kwenye daftari la jalada gumu, kwa kalamu nyekundu kwa wasiolipa. Mimi nilikuwa katibu wake. Kazi ya katibu kwa Mwenyekiti ilikuwa kuandika alichokwisha kuamua.

Ikaja Juni 2024. Vijana wetu nao walishuka tauni kupinga Mswada wa Fedha, wakirudi jioni macho yamewavimba kwa gesi ya machozi. Wapo Wakenya ambao hawakurudi kabisa. Kauli yao mliisikia: hatuna kiongozi, hatuna chama, hatuna kabila. Rais akakataa kutia saini mswada ule. Vijana walioona jambo hilo kwa macho yao hawawezi tena kuambiwa wakae kimya kwenye kikao cha korti, na mwaka uliofuata hawakukaa.

Kikao kilikuwa pale tunapoegesha magari, viti vya plastiki vya kukodi, jua la Jumapili. Kura ilipigwa kwa kupanga foleni nyuma ya mtu. Wa umri wangu wanakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988, mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Huu wetu haukuhitaji msimamizi. Mstari wa vijana ulifika getini ukapinda. Nyuma ya Mwenyekiti tulikuwa mimi, landlodi wawili, na askari, ambaye hata kura hana.

Hakununa. Alishukuru, akaketi, akafungua kiondo: daftari, mhuri, cheti cha usajili, risiti zimefungwa kwa raba, na katiba yetu, karatasi za taipu zilizoanza kugeuka rangi ya chai. (Sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii inataka watu wasiopungua 10 na katiba yao. Sisi katiba tulikuwa nayo, sina hakika kama kuna aliyeisoma.) Niliandika kila kitu kwenye orodha, pande zote mbili zikatia sahihi.

Vijana wakatangaza kwamba mwenyekiti hakuna tena. Kamati ya watu 5, wote sawa. Mchango ukahamia kwenye namba ya till, ya kulipia kwa simu, na mwisho wa mwezi taarifa yote inabandikwa kwenye group ya WhatsApp, nani ametoa na nani hajatoa. Hapo niseme ukweli, walitupiga bao. Kuna landlodi aliyekuwa akituzungusha tangu zamani. Alipoona jina lake hadharani alilipa usiku ule ule.

Halafu Jumanne ikafika. Kwetu maji ya mgao huingia usiku, na asubuhi mtu anaamka na kukuta tangi lake limejaa. Wa upande wa juu waliamka wamejaliwa. Wa upande wa chini hawakupata hata tone. Mmoja wa wale 5 akasema ni mgao, mwingine akasema bomba limeziba, wa tatu akaita fundi. Fundi akapima kwa macho, kama kawaida yao, akasema shida iko kwenye kona, tuchimbe. Watu wakachanga ya kuchimba. Matofali ya kabro yaliyotandikwa chini yakang'olewa, shimo likafika kiunoni, bomba likaonekana, kavu na zima. Wakati huo kina mama wa upande wa chini wako kwenye foleni ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 umepandishwa bei kwa sababu muuzaji ameshaona shimo. Ijumaa ikawa vile vile, juu maji, chini vumbi. Na ndani ya wiki hiyo hiyo lori la mchanga likakwama getini kutwa nzima: watu wanne wa kamati walikuwa wamempigia askari simu, kila mmoja na amri yake, naye akaamua salama yake ni kutofungua.

Ni askari huyo aliyefumbua fumbo. Akasema, "Lakini Mwenyekiti si alikuwa anakuja hapa alfajiri na kile chuma chake?"

Chuma gani?

Vijana wakaenda kwake wote 5, mimi nikiwafuata nyuma kwa udaku tu. Tulimkuta kibarazani na leso kiunoni, anachambua maharagwe. "Shikamoo, shosh," yaani bibi. "Marahaba. Leo serikali mpya imekuja kwa miguu?" Wakacheka kidogo, wakaeleza. Hakuinuka. Alimaliza maharagwe yaliyokuwa kwenye ungo, akapepeta, akatupa mawe, akayatia kwenye sufuria, ndipo akaingia ndani. Alitoka na chuma kinachomfika kiunoni, mkono wake kama herufi T, kimelainika pale mtu anaposhikia.

Tukamfuata mpaka ubavuni mwa kibanda cha askari. Pale huwa pana tairi kuukuu lenye maua. Nimepita karibu na tairi lile maisha yangu yote ya Umoja. Alilisukuma kwa mguu, akafagia udongo kwa kandambili, kikaonekana kifuniko kidogo cha chuma, na chini yake valvu. Akapachika chuma, akazungusha. "Nusu, halafu kidogo. Ukizidisha, wa juu wanakosa." Kijana mmoja akatoa simu arekodi. Mwenyekiti akamgeuzia mgongo, akamalizia kuzungusha, akafunika, akarudisha tairi mahali pake. Usiku wa mgao uliofuata upande wa chini walipata maji.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nimeisimulia kama ushahidi wa upande wangu: ondoeni wazee, mtajua hamjui. Hata barua hii niliianza niimalizie hapo.

Lakini nilipofika kwenye ile orodha, mkono umesita. Mle niliandika mpaka idadi ya risiti. Chuma hakimo. Hakimo kwa sababu Mwenyekiti hakukitoa. Kiondo alikifungua mwenyewe, cha nyuma ya mlango akakiacha nyuma ya mlango. Na hata kama alisahau, mimi katibu wake, jirani yake wa nyumba ya pili, sikuwahi kuonyeshwa valvu ile. Mwekahazina naye hakuonyeshwa, wala mtoto wake yeyote. Nimekumbuka pia mwaka aliokwenda ushago, kijijini kwao, mazishini akakawia: upande wa chini walikaa bila maji kipindi chote hicho, tukaulaumu mgao. Akarudi, maji yakarudi, tukamsifu kwamba anawajua wakubwa wa maji.

Kwa hiyo sijui tena kama kazi ile ilikimbiwa na sisi au ilifichwa. Labda vyote viwili. Mtu akishajua kwamba hakuna siku ya kuondoka, hana haraka ya kumfundisha mwingine, na wala si lazima awe na nia mbaya. Ni rahisi tu kuamka alfajiri uzungushe mwenyewe kuliko kumweleza mtu "nusu, halafu kidogo".

Mambo haya watu wengine jijini wamekwisha kuyapatia dawa, bila kelele. Kina mama wa table banking, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wengi wanatumia sanduku la kufuli 3, funguo kwa wanachama watatu, na mwenyekiti si mmoja wao. Halifunguliwi mpaka watu waketi. Kule Mukuru, mtaa wa mabanda, baada ya serikali ya kaunti kulitangaza eneo lote kuwa Eneo Maalum la Mipango mwaka 2017, wakazi walijipanga kuanzia chini, nyumba 10 kwa 10, kila kumi na mwakilishi wao. Ndiyo, 10 ni ile ile ya Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa mitaani wa 2013, lakini hiyo ya serikali ilishuka kutoka juu na kwetu ilibaki jina tu. Ya Mukuru iliwapa watu wengi, wengi sana, nafasi ya kuongoza kitu kidogo kabla hawajakabidhiwa kikubwa. Mwenyekiti wetu alikuwa na nyumba ngapi chini yake, na alimpa nani hata mbili azisimamie?

Msidhani nimehamia kwa vijana. Nao niwaambie. Siku hizi valvu inazungushwa na binti wa nyumba ya kona, mmoja wa wale 5, kila alfajiri ya mgao, na anaijua kazi. Ukiuliza mwenyekiti ni nani, wanakwambia hatuna. Ukiuliza maji yatafunguliwa saa ngapi, au lori liingie au lisiingie, wanakwambia muulize yule. Hakuna aliyemchagua kuwa mkubwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwondoa. Juzi nilipita kwake kuchukua risiti, nikaona chuma kimesimama nyuma ya mlango.

Basi jibu langu limegeuka, naona, nami sitalifuta la juu ili mwone lilipotoka. Ukomo wa mihula uwepo. Miaka 3, irudiwe mara moja, basi, na hata kwa kamati inayojiita haina mwenyekiti, kwa sababu inaye. Ila anayetoka asitupwe: akae mwaka mmoja pembeni ya anayeingia, bila kura, akimwonyesha kila tairi na kilicho chini yake. Ukomo huo uandikwe na wenyewe kwenye katiba yao, sitaki kusikia chifu au MCA amekuja kutuhesabia. Na penye kikundi ambacho kweli kabisa hakuna mwingine anayekubali, msikivunje kwa ajili ya kanuni. Mpeni huyo huyo, lakini mlazimisheni awe na msaidizi anayeshika chuma kila Jumanne ya pili.

Mkigawa majibu kwa mafungu, niwekeni kwenye ndiyo. Mwekahazina tu ndiye namtoa kwenye hesabu hiyo ya miaka 3. Huyo mwaka mmoja unamtosha, hata akiwa malaika.

Msomaji, Umoja