Kabla hujamfungia mtoto ndani, uliza ugonjwa unapitia wapi

Jioni moja ya Aprili 2020 nilimkuta mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka tisa, amefunga uzi kwenye nondo za dirisha. Mwisho wa uzi amening'iniza karatasi ya daftari, anaipeperusha kwa upepo wa feni. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Ndege." Hakujua kwamba kitu kile kina jina lake, kinaitwa tiara, na kwamba mama yake alipokuwa na umri huohuo alikuwa anakirusha juu ya mapaa ya Magomeni, Dar es Salaam, mpaka uzi uishe mkononi.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17, siku moja baada ya Waziri wa Afya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Tuliambiwa siku 30. Zikawa zaidi ya miezi mitatu, mpaka Juni 29. Tanzania hatukuwekewa amri ya kutotoka nje kama wenzetu wa baadhi ya nchi jirani. Masoko yalikuwa wazi na daladala zilikuwa barabarani, ila abiria wote wakae kwenye siti. Amri ya kufungiwa niliitoa mimi, nyumbani kwangu Kinyerezi, kwa sababu mama yangu tunaishi naye na ana kisukari. Watoto marufuku kuvuka geti. Hata kile kinjia cha mchanga mbele ya nyumba, marufuku.

Wageni, lakini, niliwapokea. Wifi zangu walikuja kumjulia hali mama, tukakaa sebuleni karibu saa mbili, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi, barakoa ziko kidevuni, tunakunywa chai ya tangawizi na malimao, vitu ambavyo siku zile bei yake ilipaa kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa inajifukiza. Watoto walikuwa katikati yetu kwenye zulia. Sikuona kosa. Niliona nimewalinda.

Mama ndiye aliyenifungua macho, na hakunigombeza. Aliwatazama wajukuu wamebanana mbele ya televisheni akasema, "Mwaka ule wa kipindupindu nilikuchapa kwa ajili ya embe, sikukuchapa kwa ajili ya kombolela."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ninaposimulia utoto wangu husimulia jua, mchanga na michezo, kana kwamba hapakuwa na ugonjwa. Kumbe mwaka 1997, nikiwa na miaka tisa, kipindupindu kilipiga Dar es Salaam na mikoa mingi ya nchi, na watu wengi wakafa. Mwishoni mwa mwaka zikaja mvua za El Niño, vyoo vya shimo vikafurika, maji yakaingia uani. Nakumbuka sasa harufu ya dawa iliyonyunyiziwa kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nakumbuka sufuria kubwa la maji ya kuchemsha ambalo halikutoka jikoni. Na nakumbuka fimbo niliyochapwa siku mama aliponikuta na kipande cha embe mbichi la chumvi na pilipili, la kununua nje. Jioni hiyohiyo, machozi hayajakauka, aliniruhusu kwenda kucheza kombolela.

Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alijua jambo ambalo mimi na simu yangu tulilipita. Kipindupindu kinapitia maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa, kwa hiyo alifunga mdomo wangu na mikono yangu, akaacha miguu huru. Korona inapitia pumzi, hasa pale watu wanapokaa pamoja kwa muda mrefu kwenye chumba kisicho na hewa. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, kiwanja cha wazi ni salama kuliko sebule. Mimi nilikuwa nimefunga mahali pazuri na kufungua mahali pabaya.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi, basi, ni huo. Magonjwa hayakwisha na korona. Mwaka 2023 tulisikia ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera; huo unapitia majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na hapo ni kukaa mbali kabisa na msiba na wauguzaji. Mpox inapitia zaidi kugusana ngozi na kuchangia mashuka. Kila mmoja una mlango wake. Ukisikia tangazo, kabla hujafunga geti, tafuta jibu la swali moja: unapitia wapi? Muulize mhudumu wa afya wa zahanati yako, si kundi la WhatsApp la ukoo. Ukishajua, funga mlango huo kwa nguvu zako zote, na mingine mwachie mtoto apumue.

Baada ya maneno ya mama nilikwenda kwa majirani. Pembeni yetu palikuwa na kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga, kina majani na mkorosho mmoja. Tukakubaliana nyumba tatu, watoto saba, walewale kila siku bila kuongeza wengine. Saa kumi na nusu mpaka adhana ya magharibi. Tukaweka ndoo ya maji tiririka na sabuni chini ya mkorosho, wanaoingia wananawa na wanaotoka wananawa. Mtu mzima mmoja wa zamu anakaa kwenye kigoda. Jirani wa nne alikataa, na hapo nilikosea: nilimsukuma, nikamwambia anawatesa watoto. Baadaye nikajua kwamba mumewe alikuwa na tatizo la kifua la muda mrefu. Salamu zetu zilipoa karibu mwaka mzima. Ukimwalika mtu akakataa, mwache. Hujui nani amelala kitandani kwake.

Siku ya kwanza watoto walisimama tu. Walikuwa saba kwenye kiwanja kizima, na hawakujua waanzie wapi. Binti yangu mdogo, yule wa miaka mitano, aliniuliza, "Mama, tufanye nini?" Swali lile liliniuma kuliko tiara ya feni, kwa sababu shule kufungwa hakukuhusika nalo. Hata kabla ya korona walikuwa wanatoka kwenye basi la shule wanaingia getini, na geti linafungwa. Korona ilinikalisha nyumbani mchana nikaona kitu kilichokuwepo siku zote.

Basi nikawafundisha. Nilitafuta kopo la maziwa ya unga, nikalitia mawe madogo ndani ili lilie, nikaliweka katikati. Kombolela ni hivi: mmoja analipiga teke kopo liende mbali, mlinzi analifuata na kulirudisha mahali pake, wenzake wakati huo wanajificha. Akishalirudisha anaanza kuwatafuta. Akimwona mtu anamtaja jina, huyo anakuwa mateka. Lakini aliyebaki mafichoni akiwahi kulifikia kopo na kulipiga, mateka wote wamekombolewa, na mlinzi anaanza upya. Sisi tulicheza na watoto ishirini, na mlinzi mvivu alilia kwa kuchoka. Mtoto anajifunza kukimbilia hatari ili kumtoa mwenzake. Sijaona mchezo wa kwenye simu unaofundisha hivyo, na nimetafuta.

Tiara ilisumbua. Zetu za utotoni tulizitengeneza kwa mifuko ya nailoni, na mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, jambo jema kwa mitaro yetu. Tukatumia gazeti, chelewa za ufagio na ugali mlaini kama gundi. Mbili za kwanza zilianguka. Ya tatu tuliiongezea mkia wa kitambaa cha kanga iliyochakaa, ikapanda. Mwanangu alishika uzi bila kusema neno. Mama yangu alitoka na kiti chake, mara ya kwanza baada ya wiki tano, akakaa mbali upande unakotoka upepo, akatazama.

Kuna mambo ya utoto wetu ambayo sitaki yarudi, na ni lazima niyataje, kwa sababu kumbukumbu hupenda kuchagua tamu. Kaka zangu walicheza mpaka giza. Mimi niliitwa saa kumi na moja kuosha vyombo na kuchota maji. Uhuru ninaousimulia, nusu yake ulikuwa wa wavulana. Nilishtuka kujikuta narudia: wiki ya pili nilimwita binti ndani anisaidie kuchambua mchele na nikamwacha kaka yake kiwanjani. Sasa kazi wanafanya wote asubuhi, na jioni wanatoka wote. Ukiwa na mtoto wa kike, jichunguze hapo.

Jingine ni hili la kwamba mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Ni kweli, na lilitusaidia. Bibi muuza vitumbua alijua tumekwenda wapi kabla mama hajauliza. Lakini pia mtu mzima yeyote aliweza kukupiga, na mtu mzima mbaya aliweza kukuita chumbani ukaenda, kwa kuwa ulifundishwa kutii kila aliyekuzidi umri. Sisi tuliwaambia watoto wazi: mtu mzima wa zamu anakaa mahali wote wanamwona, haingii na mtoto mmoja nyumbani, na hampigi mtoto wa mwenzake. Mtoto akikosea, anampigia mzazi wake simu. Na mtoto akisema hapendi kukaa karibu na fulani, asilazimishwe kumwamkia kwa mkono. Sikiliza.

Bodaboda ndiyo hatari kubwa ya mitaani kuliko yote kwa sasa, na sisi hatukukua nayo. Tulikwenda kijiweni kwao, tukawasalimu, tukawaeleza saa zetu. Wengi wao ni baba wa watoto. Walikubali kupunguza mwendo, na wenyewe ndio walioleta tairi bovu tuliweke mdomoni mwa kinjia kama alama. Nisingethubutu kuwafokea barabarani nikategemea matokeo hayo.

Shule zilipofunguliwa hatukuacha. Zamu zimebaki Jumamosi na siku mbili za katikati ya wiki. Kama mtaani kwenu hakuna nafasi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umwombe mwenyekiti akuonyeshe kwenye ramani maeneo ya wazi. Mengi yapo kwenye karatasi na yamevamiwa taratibu, leo kibanda, kesho ukuta. Nenda na wenzako wawili watatu, na mwache barua yenye majina yenu.

Mwenye kile kiwanja chetu ameanza kujenga. Ni haki yake, na alitupa notisi ya mwezi mzima. Mkorosho umekatwa. Tumeandika barua kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani kuomba uwanja wake siku za Jumamosi, na tumeahidi kuufagia kabla ya kuondoka. Hajajibu bado. Binti yangu, ambaye siku ile aliniuliza wafanye nini, ndiye aliyeipeleka barua na wenzake wawili, na kopo analo yeye, amelificha nyuma ya tangi la maji ili asipewe mtu wa vyuma chakavu.