Mjuaji, mjuzi au mjuvi?

Swali: Habari mwalimu, kwenye ripoti yangu ya kazi bosi kaandika "ni mjuaji sana kwenye vikao", mi nikafurahi nikajua nimesifiwa, mwenzangu kusoma akacheka mpaka machozi. Hili neno lina maana gani hasa, si ndo mjuzi?

Jibu: Pole ndugu yangu, hapo hujasifiwa. Mjuaji ni yule ambaye kila hoja ana la kusema, hajaulizwa kashajibu, na akishasema basi imeisha, la mwenzie halisikii. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mjuzi, mjuaji na mjuvi yote yametoka kwenye kitenzi kimoja, kujua, ila kila moja limeshika njia yake. Mjuzi ana ujuzi wa kweli, kaiva kwenye fani yake. Mjuvi ni mtovu wa adabu, ndo maana mtoto anayewajibu wakubwa hovyo anaambiwa aache ujuvi. Mjuaji sasa si lazima atukane mtu, wala si lazima awe hajui kitu (hapa wengi wanakosea), anaweza akawa anajua kweli kabisa, kero ni vile anavyowafunga wenzie midomo.

Na usiilaumu hiyo -ji ya mwisho, manake msomaji na mchezaji wanayo na hawana kosa lolote, ni mazoea ya wasemaji tu. Kipimo changu ni hiki: watu husema Mungu ni Mjuzi wa yote, we jaribu kusema Mungu ni mjuaji uone utakavyotolewa macho.

Mbishi naye ni mwingine, anangoja useme ndo akupinge, mjuaji hangoji.

Kwenye maongezi utasikia "acha ujuaji", "ana ujuaji huyo!", au "anajifanya mjuaji", hiyo ya mwisho ukiichambua haikai sawa maana mjuaji hajifanyi, ndo tabia yake, ila ndo watu wanavyosema na mi siipingi.

Ila kwenye ripoti ya kazi neno hili halifai, lina kejeli. Ningekuwa mhariri wake ningelifuta niandike "hutoa maoni bila kusikiliza ya wenzake", angalau ungejua urekebishe nini. Kama unataka kwenda kumuuliza, muulize ni kikao gani kilimkera, usianze kumfafanulia tofauti ya mjuzi na mjuaji, utakuwa umemthibitishia.