Jibu: Je, Sean Dyche aliwahi kucheza Ligi Kuu?
Ndugu, umeuliza kama Dyche alicheza Ligi Kuu ya Uingereza kabla ya kuwa kocha. Hapana, hata mechi moja. Alilelewa klabu ya Nottingham Forest bila kuichezea timu ya wakubwa, akahamia Chesterfield mwaka 1990, beki wa kati. Siku yake kubwa ni nusu fainali ya Kombe la FA 1997 pale Old Trafford. Chesterfield, timu ya daraja la tatu, iliongoza 2-0 mbele ya Middlesbrough, na bao la pili ni penalti ya Dyche mwenyewe! Ikaisha 3-3, Chesterfield wakafungwa mechi ya marudiano. Ukocha alianzia Watford. Klabu ya Burnley aliipandisha Ligi Kuu 2014 na 2016, kisha msimu wa 2017/18 wakashika nafasi ya 7 na kufuzu mashindano ya klabu za Ulaya. Kwa bajeti ndogo ya Burnley, mimi namheshimu sana.