Mtoto na mbuzi wa Krismasi

Mkuu, umesema kijana wako wa miaka 10 hapo Kibosho amemlisha beberu huyo majani ya migomba tangu Juni, na babu anataka amshike miguu siku ya kuchinja. Asimshike. Mbuzi aliyempa jina si wa kuanzia. Mpe kazi ya baadaye, kuosha utumbo au kukoroga damu ya kisusio (supu ya damu) isigande, na akitaka kukaa ndani, akae.

Mwambie mapema atakachokiona, maana kinachowatisha watoto ni mateke baada ya kisu. Damu ikishatoka, mnyama hupoteza fahamu haraka. Miguu inayorusha ni misuli tu. Mchinjaji aguse mboni ya jicho: lisipopepesa, amekwisha. Hapo ndipo kuchuna kuanze, si kabla.

Mateso mengi huletwa na kisu butu. Kinolewe jana yake, tena mbali na mbuzi. Mnyimeni chakula usiku huo ila maji apate; tumbo likijaa, hupasuka kirahisi wakati wa kutoa matumbo na kuchafua nyama. Mkato uwe mmoja, ukate koo, umio na mishipa mikubwa ya pande zote mbili. Ukikata upande mmoja tu, anachelewa kuzimia. Nyongo itolewe taratibu, ikipasuka nyama inakuwa chungu. (Kama mna wageni Waislamu, achinje Mwislamu.)

Mtoto akilia, mwache alie. Akikataa nyama yake, mpikieni maharage, na wajomba wasimcheke.